Mama Shuka na Swali la Mezani

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, wafanyakazi wenzake wa zamani, na ninyi mliosafiri tangu jana ili msimame nasi hapa, familia inawasalimu kwa jina la Bwana, na inawaomba mtusikilize kwa subira, kwa kuwa maneno haya yameandikwa na watu wanaolia, na anayeyasoma, ambaye ni mdogo wake marehemu, ameombwa na watoto asome taratibu, kama dada yake alivyokuwa akiongea, bila kukimbilia mwisho.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya mlinzi wa ghala la reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala hilo na mama aliyekuwa akishona magunia yaliyotoboka. Mama yetu hakujua kusoma, lakini alikuwa na tabia ya kuongea na Mungu huku mikono yake ikiwa kazini, akimweleza kwamba sindano imekatika, kwamba magunia ya leo ni magumu kuliko ya jana, kwamba mtoto wa pili amekataa kula, tena kwa sauti ile ile aliyotumia kuongea na jirani dirishani, na inasemekana marehemu, akiwa bado anatambaa, alikuwa akigeuka kutazama mlangoni ili amwone huyo anayeongeleshwa. Sisi wengine tuliizoea tabia hiyo ya mama tukaacha kugeuka, lakini yeye hakuacha, na wote waliomfahamu watakubali kwamba maisha yake yote alikuwa kama mtu anayetazama mlangoni.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1965, shule ya kutwa iliyokuwa ng'ambo ya reli, akahitimu darasa la saba mwaka 1971, na hakuendelea zaidi, kwa sababu baba alikuwa ameanza kuugua macho na mama alihitaji mtu wa kumsaidia magunia. Alipata kipaimara Jumapili ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1973, na siku hiyo lilitokea jambo ambalo dada zake walimtania nalo mpaka uzeeni. Mwalimu wao wa kipaimara aliwapanga vijana baada ya ibada, akamwuliza kila mmoja alisikia nini alipowekewa mikono kichwani, na mmoja alisema alisikia moto, mwingine alisema alisikia kama upepo, na binti wa mzee wa kanisa alisema alisikia akiitwa jina lake mara mbili, na zamu ya marehemu ilipofika alisema kwamba alisikia njaa, maana walikuwa wamefunga tangu jana yake. Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega, na mwalimu naye alicheka, lakini baadaye alimwita pembeni akamwambia asione aibu, kwani wengine wamesema walichowahi kusikia wakubwa wakisema, yeye amesema chake. Marehemu alituambia kwamba alirudi nyumbani akiwa na huzuni hata hivyo, kwa sababu alitamani kuitwa jina lake, hata mara moja ingemtosha.

Tarehe 2 Februari 1978 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali ya serikali, chini kabisa ya jengo, mahali ambapo mabomba ya mvuke yanapita darini na mtu akiingia miwani yake inaingia ukungu hapo hapo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuloweka, kisha akapandishwa kwenye mashine, na mwisho akawa msimamizi wa zamu, lakini hata alipokuwa msimamizi hakuacha kubeba mwenyewe mashuka safi mpaka wodini, akiyaweka begani kama mtu abebavyo mtoto aliyelala, badala ya kuyasukuma kwenye kitoroli, na wagonjwa waliokuwa wakimwona akitokea mlangoni ndio waliompa jina, kwanza Dada Shuka, na alipozaa likawa Mama Shuka, mpaka wengi wenu hapa leo hamkuwahi kulijua jina lake jingine. Alisema alipenda kutandika mwenyewe kwa sababu alitaka kujua shuka linakwenda kwa nani, ili akilipokea tena likiwa chafu awe na mtu wa kumtaja katika maombi, na wafanyakazi wapya aliwafundisha kwamba doa la damu linatolewa kwa maji baridi, kwani ukilimwagia maji ya moto unalipika humo humo ndani ya uzi, halafu aliongeza kwamba hata mtu aliyeumizwa ni hivyo hivyo, usimwendee na moto. Mwenzake wa miaka mingi pale chini, ambaye sisi sote tunamwita Pasi, kwa sababu alikuwa mpiga pasi na kwa sababu ulimi wake unachoma, na ambaye amekaa pale mbele na wanafamilia, alikuwa akimwambia kwamba wao wameajiriwa kufua, mahubiri yana watu wake wanaolipwa.

Ndoa yake ilianzia kwenye bomba. Mwaka 1979 bomba la mvuke lilipasuka katika chumba cha kufulia, akaitwa fundi bomba wa hospitali, kijana mrefu mwenye begi la spana, akaamuru watu wote watoke nje, wakatoka wote isipokuwa marehemu, aliyebaki akimshikia tochi, na fundi alipomwuliza kama haogopi kuungua alijibu kwamba anaogopa, ila mashuka ya chumba cha upasuaji yanahitajika kesho asubuhi. Baada ya siku hiyo bomba lile likawa linavuja mara kwa mara, na fundi anakuja mara kwa mara, mpaka Pasi akasema kwa sauti ya kusikika kwamba tangu jengo lijengwe hajaona bomba lenye mapenzi namna ile. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 1980, na kwenye sherehe bwana harusi alisimama akakiri mbele ya wazazi kwamba kulikuwa na nati moja ambayo kila akija alikuwa haikazi mpaka mwisho. Wakati ule mumewe alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya, mtu wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kuondoka, na marehemu alituambia kwamba mojawapo ya sababu za kumpenda ilikuwa kwamba alipoimba alifumba macho, kama mtu anayeona kitu ambacho yeye hakioni.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1981, mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 26 Juni 1985, na binti kitinda mimba aliyezaliwa tarehe 9 Januari 1989. Binti wa kwanza alifariki Alhamisi, tarehe 19 Mei 1988, akiwa na umri wa miaka sita, kwa homa ya uti wa mgongo, katika wodi ya watoto ya hospitali ile ile, akiwa amelala juu ya shuka ambalo mama yake mwenyewe alilifua na kulitandika. Shuka hilo lilishuka chini pamoja na mengine kama ilivyo kawaida, na marehemu, ambaye alikataa kukaa nyumbani baada ya mazishi kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, alilitambua kwenye rundo kwa pembe yake aliyokuwa ameishona kwa uzi wa bluu. Pasi alitaka kulichukua alifue yeye, marehemu akamwomba amwachie, akalifua peke yake kwa mkono, na alituambia baadaye kwamba siku ile alimwuliza Mungu yuko wapi, akasubiri, na kilichosikika ni mashine tu ikizunguka.

Ni hapo ndipo njia ya mumewe na ya kwake zilipoachana, na familia haioni haya kulisema jambo hili hapa, kwa kuwa mhusika mwenyewe ametutaka tuliseme. Siku ya tatu baada ya mazishi mzee mmoja alikuja kuwafariji, akasema kwamba Mungu amempenda mtoto yule kuliko wao walivyompenda, na mumewe marehemu, ambaye hajawahi kumjibu mkubwa vibaya, aliinuka kwenye kiti akasema, "Basi angezaa wake." Tangu siku hiyo hakuimba tena, wala hakukanyaga ibada, isipokuwa bomba la kanisa likiharibika alikwenda kulitengeneza bila malipo, siku za Jumatatu, akiwa peke yake, na mchungaji wa wakati ule alikuwa akitania kwamba itabidi alivunje bomba kila Jumamosi ili ampate mwimbaji wake. Marehemu hakumlaumu, hakumvuta kwa nguvu, hakumtumia wazee wa kanisa wamfuate, lakini kuanzia siku ile palikuwa na jambo moja alilolitamani kuliko yote, kuliko nyumba, kuliko afya, kwamba mtu aliyempenda kwa jinsi alivyofumba macho apate tena cha kukiona.

Hapo ndipo lilipoanzia lile swali ambalo kila aliyewahi kula nyumbani kwake analijua. Ilikuwa mwezi Julai mwaka ule ule, wamekaa mezani, kiti kimoja kitupu, na marehemu, ambaye mchana kutwa alikuwa akikunja mashuka na mwenzake, aliuliza ghafla, "Leo mmemwona wapi?" Mtoto wa kiume, aliyekuwa na miaka mitatu tu, aliuliza nani, akajibiwa kwamba Mungu, basi mtoto akateremka kwenye kiti, akainama chini ya meza, akachungulia kila upande, akatoka akatangaza kwamba hayupo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nyumba ile ilisikia kicheko. Kisha marehemu alisema yeye amemwona leo wakati wa kukunja shuka, maana shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, ni lazima wawili washike pembe, warudi nyuma, halafu watembee wakielekeana mpaka vidole vigusane, na leo alipokuwa akimwendea Pasi na pembe zake mkononi alifikiri kwamba yuko mwingine naye anakuja upande wa pili, hata kama yeye anaona kitambaa tu. Mumewe aliisukuma sahani yake akasema, "Mimi sijamwona." Marehemu alimwambia asante kwa kusema kweli, akamwongezea chakula, na kesho yake akauliza tena.

Aliuliza kila jioni, miaka yote, na watoto wakakua ndani ya swali hilo kama watoto wengine wanavyokua na redio. Kila mtu alitakiwa kutaja kitu cha siku ile, kitu cha kushikika, na marehemu hakukubali majibu ya kanisani, mtu akisema amemwona katika upendo aliambiwa arudi akatafute upya, upendo upi, wa nani, alikuwa ameshika nini mkononi. Binti aliwahi kusema amemwona kwenye sabuni, kwa sababu inaisha yenyewe ili wengine watakate, akasifiwa, na kesho yake kaka yake, ambaye hakutaka kushindwa, akasema yeye amemwona kwenye kipande cha nyama kilichobaki chini ya sufuria, tena Mungu huyo anamwita. Marehemu alikichukua kile kipande bila kucheka, akakikata katikati, akamwambia Mungu wa aina hiyo haliwi na mtu mmoja, mpe na dada yako, na baba yao alicheka mpaka akapaliwa, wakampiga mgongoni, akanywa maji, akafuta macho, na zamu yake ilipofika alisema hajamwona. Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayejibu kwamba barua haijafika, na marehemu alimpokea kwa namna ile ile kila siku, ila binti yake anasema kabla ya jibu kulikuwa na kitambo kidogo ambapo mama aliacha kutafuna.

Mwaka 1992 lilitokea lile jambo la mashuka ya rangi ya waridi, ambalo wafanyakazi wenzake wangelisimulia vizuri kuliko sisi. Marehemu alikuwa amefungia chakula chake cha mchana katika sweta jekundu la mwanawe ili kisipoe, akaliweka juu ya rundo la mashuka meupe, akaitwa upande wa pili, na aliporudi rundo lote lilikuwa limeshaingia kwenye mashine pamoja na sweta, kwa maji ya moto. Wodi nzima ya wanaume ililala kwenye mashuka ya waridi mpaka mwisho wa mwaka, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa amevunjika mguu akawa anamwambia kila mgeni wake apige hodi kwanza, anaingia chumba cha bibi harusi. Pasi alimsihi marehemu anyamaze, hakuna aliyeona, lakini yeye alikwenda kwa msimamizi akasema ni sweta la mwanangu na ni kosa langu, akakaripiwa mbele ya watu, na jioni mezani alikuwa mchangamfu isivyo kawaida, akasema leo amemwona kwenye sweta, kwamba vazi moja tu limetoa rangi yake na wodi nzima imefunikwa nayo, hata wasiolijua sweta lenyewe. Mumewe, ambaye kwa kawaida hakuuliza kitu, aliuliza, "Na sweta lenyewe liko wapi?" Marehemu alilitoa kwenye mfuko, lilikuwa limesinyaa na kupauka, halina rangi inayotajika, na mumewe akalishika kwa muda mrefu, akasema, "Hili ndilo ninalolielewa mimi." Marehemu alituambia sisi ndugu zake kwamba alikuwa amemsikia mumewe kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kwamba usiku ule alimwomba Mungu amsamehe kwa kuwa mwepesi wa kutoa mfano juu ya vitu ambavyo wengine wanavibeba.

Baada ya hapo alikuwa mpole zaidi katika kusema aliyoyaona. Binti yake, ambaye sasa ni mpishi katika shule ya bweni, alipokuwa akijiandaa kuolewa alimwuliza jikoni, wakiwa wawili, kama kweli kila siku anamwona Mungu kwenye birika na kwenye ufagio, au anasema kwa ajili ya baba, na mama yake alizima jiko kwanza, kisha akamwambia kwamba zipo siku anamwona, zipo siku anakumbuka tu alivyomwona jana, na zipo siku nyingi, nyingi kuliko ambavyo binti angedhani, ambazo anataja kitu kwa sababu anakitamani kimwonyeshe, na kwamba tangu akiwa msichana wa kipaimara hajawahi kuitwa jina lake na yeyote asiyeonekana, wala hajaacha kusikiliza. Binti anasema aliondoka jikoni akiwa amefadhaika, na kwamba alichukua miaka kuelewa kwamba siku ile ndiyo aliyopewa mahari yake.

Mtoto wa kiume alikuwa dereva wa masafa marefu, na hata akiwa njiani alipiga simu wakati wa chakula ili ajibu, na mama yake aliweka simu katikati ya meza. Aliwahi kujibu kwamba amemwona kwenye tairi la akiba, hakuna anayelikumbuka mpaka lile jingine lipasuke, na mama yake alicheka, kisha akamwambia ashukuru kwamba Mungu hana hasira ya kufungwa chini ya lori, lakini asizoee. Zamu ilikuwa ikifika kwa baba, inasikika pumzi yake, halafu sauti yake ikisema hajamwona, na mwanawe, huko barabarani, alikuwa akisema sawa, mzee, tutasikilizana kesho.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2017, na kuanzia mwezi Agosti 2021 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kukata akipanda ngazi, madaktari wakagundua kwamba moyo wake ulikuwa umechoka na kutanuka. Alilazwa mara kadhaa, kwenye wodi zile zile alizozitandika, na wauguzi wanasema aligusa upindo wa kila shuka alilopewa, akaguna au akaridhika. Mwezi Septemba mwaka huu wa 2023 aliomba arudishwe nyumbani, akapelekwa, na mumewe, ambaye naye alikwisha kustaafu, alikataa msaidizi, akawa anamwosha, anamlisha, anamgeuza, na kila siku mchana, jua likiwa limeingia dirishani upande wa kitanda, alimpashia maji akamkanda miguu kwenye beseni, kwa mikono ile mikubwa ya spana, taratibu, akianza na vidole. Wifi zake waliokuja kumwona wanasema hawajawahi kuona mwanamume akikamua taulo kwa utulivu namna ile, na kwamba marehemu alikuwa akimtania kwamba ameajiriwa na fundi bomba kuwa bomba.

Mchana wa Ijumaa, tarehe 3 Novemba, binti yao alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akishuhudia, na ameturuhusu tuyasome haya. Marehemu hakuwa tena na nguvu ya kukaa mezani, kwa hiyo swali lilikuwa limehamia kitandani, na saa yake ilikuwa pumzi inapokubali. Aliuliza, kwa sauti ndogo, "Fundi, leo umemwona wapi?" Mumewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, mguu wa kushoto wa mkewe ukiwa mikononi mwake, na hakujibu upesi kama ilivyokuwa desturi yake ya miaka thelathini na mitano, aliendelea kuukausha mguu katikati ya vidole, akauweka chini juu ya taulo, ndipo akasema, bila kuinua kichwa, "Sijamwona, mama. Lakini leo nimemtafuta."

Marehemu alifumbua macho akamwambia aseme vizuri. Mumewe akasema kwamba tangu asubuhi amekuwa akimtafuta Mungu humu ndani, alimtafuta kwenye maji yalipoanza kuchemka, akamtafuta kwenye beseni, akamtafuta kwenye kisigino cha mkewe, mahali ngozi ilipopasuka, na hajamwona, na kwamba ni mara ya kwanza kumtafuta tangu mtoto aondoke, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko alivyokumbuka. Marehemu alimwuliza kama amechoka. Akakubali kwamba amechoka sana. Binti anasema mama yake alinyoosha mkono akauweka juu ya kichwa cha mumewe, kwenye mvi, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia hodi, akasema, "Basi kesho uanzie ulipoachia."

Jumamosi na Jumapili hakusema mengi. Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi saba, wakati mumewe akiwa jikoni akipasha maji. Aliingia na beseni akamkuta ameshaondoka, na kwa kuwa maji yalikuwa tayari na yana joto linalofaa, alipiga magoti akamwosha miguu kama kila siku, akianza na vidole, ndipo akawaita watoto. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake wawili tuliobaki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao hawakuwahi kumficha ukweli wala kumnyima tumaini, tunawashukuru majirani walioleta maji, kuni na viti kabla hatujaomba, tunamshukuru mchungaji na wazee wa kanisa kwa kuja nyumbani na kukaa kimya pamoja nasi, tunawashukuru wafanyakazi wa chumba cha kufulia, wa zamani na wa sasa, waliomfulia sanda hii na kuinyoosha bila kukubali asante yetu, na kwa namna ya pekee tunamshukuru Pasi, ambaye jana alishika pembe mbili za sanda, mumewe marehemu akashika mbili. Tukimsahau mtu yeyote, atusamehe, vichwa vyetu havijatulia.

Mumewe ametuomba tuyaseme haya kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hawezi kusimama. Anasema mpaka asubuhi ya leo bado hajamwona, na hataki mtu yeyote hapa amfariji kwa kumwambia kwamba ameshamwona ila hajui. Anasema jana alianzia kwenye beseni, akatafuta kwenye kiti cha mkewe na kwenye kandambili zake zilizobaki mlangoni, na leo ametafuta kwenye udongo huu huu mnaousimamia, na anawaomba ninyi mtakaokuja kula nyumbani kwake siku hizi msiogope kumwuliza mezani, kwa sababu aliyekuwa akimwuliza hayupo, na kimya cha saa ile ya chakula hawezi kukivumilia.

Dada yetu, mke, mama na bibi, ulitazama mlangoni miaka yote, nasi tunaamini kwamba sasa umeitwa kwa jina lako, lile ambalo hata sisi tulikuwa tumeanza kulisahau. Lala kwa amani, pumzika. Fundi ameamka mapema leo, na ameendelea alipoachia.